TestDisk, PhotoRec au ddrescue: kipi cha kushika kwanza faili zikipotea kwenye Linux

Waulize vijana wa saiba pale Langoni, hapa Lamu, namna ya kurudisha picha zilizofutika, na jina utakalopewa mara nyingi ni PhotoRec. Aliyesomea kompyuta Mombasa atakwambia TestDisk. Fundi aliyezoea diski zilizokaa miaka kwenye hewa ya chumvi atakutajia ddrescue. Wote watatu wana haki, na ndiyo maana mwenye diski mkononi hubaki njia panda. Vyombo hivi havishindani. Kila kimoja kilitengenezewa jeraha lake, na anayekosea mpangilio huweza kupoteza hata kile ambacho kingeokoka.

Rai yangu naiweka mbele ili usome ukiijua. Diski ikiwa na dalili za ugonjwa, anza na ddrescue kabla ya kitu kingine chochote. Diski ikiwa nzima lakini patisheni zimetoweka, yaani zile sehemu diski ilizogawanywa hazionekani tena, shika TestDisk. PhotoRec iwe ya mwisho. Hapa Lamu wengi wetu tunafanya kinyume, tunaikimbilia PhotoRec kwa sababu ni nyepesi kutumia. Nitaeleza kinachopotea tukifanya hivyo, na humo imo sababu moja ya sitara za watu ambayo miongozo ya kiufundi huwa haiitaji.

Vyote vitatu ni programu huru na havina malipo. TestDisk na PhotoRec ni za mwandishi mmoja, Christophe Grenier, nazo huja katika pakiti moja iitwayo `testdisk`. GNU ddrescue ni ya Antonio Diaz Diaz. Kwenye Debian na Ubuntu pakiti yake inaitwa `gddrescue`, ingawa amri unayoandika ni `ddrescue`.

Kwanza, acha kuandika

Faili ikifutwa, yaliyomo hayaondoki papo hapo. Mfumo unaandika tu kwamba nafasi ile iko wazi, na siku yoyote kitu kingine kitawekwa juu yake. Kwa hiyo kila dakika kompyuta inapoendelea kufanya kazi, kivinjari kikiweka akiba yake na mfumo ukijisasisha wenyewe, nafasi ya kuokoa inapungua. Kama faili zilikuwa kwenye diski ile ile ya mfumo, zima mashine. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kuandika `apt install testdisk` kwenye kompyuta ile ile iliyopotelewa. Pakiti inayoshuka inaweza kuketi hasa juu ya picha unazozitafuta.

Kabla ya kuzima, hata hivyo, kuna mambo mawili ya haraka. Tazama pipa la taka: faili zilizofutwa kwa kipanya hukaa `~/.local/share/Trash/files`, na zile za flashi hukaa ndani ya flashi yenyewe katika folda iliyofichwa, kwa kawaida `.Trash-1000`. La pili, kama faili ilifutwa huku programu fulani bado imeifungua, haijaondoka bado. Andika `sudo lsof +L1` uone faili zilizofutwa ambazo bado zimeshikwa. Ukipata namba ya mchakato na namba ya faili, unainakili ikiwa nzima na kuiweka kwenye diski nyingine:

`sudo cp /proc/1234/fd/5 /media/akiba/hesabu.ods`

Hapo kazi imekwisha, huhitaji chombo chochote kati ya vile vitatu.

Kuna pia tukio linalodhaniwa kuwa upotevu na silo. Stima imekatika ghafla, laptopu haina betri nzuri, na ikiwashwa inasimama kwenye maneno ya `initramfs` ikidai `fsck`, amri ya kukagua na kunyoosha mfumo wa faili. Mara nyingi hakuna kilichopotea. Mfumo wa ext4 una jonali, daftari dogo la mabadiliko, na `fsck` hulitumia kujinyoosha. Lakini usiikubalie kabla ya kujua hali ya diski yenyewe, maana `fsck` huandika, na kuiandikia diski inayokufa ni kuiharakisha. Washa kompyuta kwa flashi ya uokoaji (nitaieleza mwishoni), kisha uliza `sudo smartctl -a /dev/sda`, amri inayosoma rekodi ya afya ya diski. Ukiona `Reallocated_Sector_Ct` au `Current_Pending_Sector` zina namba zaidi ya sifuri, na hasa kama zinapanda, iache `fsck`.

ddrescue: diski ikiwa ndiyo mgonjwa

Hapa kisiwani adui wa kwanza ni hewa. Chumvi na unyevu hula miguu ya shaba kwenye kebo na kwenye visanduku vya diski za nje. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu kwamba diski imekufa, badilisha kebo, jaribu tundu jingine la USB, na kama diski iko ndani ya kisanduku, itoe uiunganishe kwa adapta nyingine. Diski nyingi zinazoonekana kwa sekunde chache na kutoweka zina tatizo la mguso tu.

Lakini ikiwa mguso ni mzima na bado usomaji unakwama, faili nyingine zinafunguka na nyingine zinaigandisha kompyuta nzima, basi diski inaoza, na swali si faili gani unaitaka. Swali ni namna ya kuitoa yote nje kabla haijazima moja kwa moja. Ndiyo kazi ya ddrescue. Inanakili diski nzima, sekta kwa sekta, na kuifanya faili moja kubwa, taswira ya diski. Kisha unafanyia kazi taswira, na diski yenyewe unaipumzisha.

Wako wanaotumia `dd` ya kawaida kwa kazi hii, na kwa diski nzima inafaa. Kwa diski mbovu haifai. Inakwenda mstari mmoja kuanzia mwanzo, ikifika mahali pabovu inang'ang'ana pale pale huku kichwa cha diski kikizidi kuumia, na sehemu nzuri zilizo mbele hazijaguswa bado. ddrescue inafanya kwa akili zaidi. Inachukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, sehemu mbovu inaziruka na kuziandika pembeni, kisha inazirudia baadaye kidogo kidogo. Ikiwa diski itakufa katikati ya kazi, utakuwa umeshatoa sehemu kubwa iwezekanavyo.

Ninafanya kwa hatua mbili (hapa `/dev/sdb` ni diski mgonjwa, na `/media/akiba` ni diski ya akiba):

`sudo ddrescue -n /dev/sdb /media/akiba/diski.img /media/akiba/diski.map`

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /media/akiba/diski.img /media/akiba/diski.map`

Amri ya kwanza inachukua vinavyosomeka bila kuchokonoa pabovu. Ya pili inarudi kwenye mabaki na kuyajaribu mara 3. Ile faili ya mwisho, `diski.map`, ni ramani ya kazi, na kwa mtu wa Lamu ndiyo sababu kubwa ya kuipenda ddrescue. Diski ya GB 500 kwenye USB 2 huchukua saa nne na zaidi hata ikiwa nzima; ikiwa mbovu inaweza kuchukua siku kadhaa. Katika muda huo stima itakatika, usiwe na shaka. Ukiwa na ramani, unarudia amri ile ile na kazi inaendelea ilipoachia. Bila ramani unaanza upya, na kila kuanza upya kunaichosha diski ambayo haina nguvu ya kuchoshwa. Usiisahau kamwe.

Gharama yake ni nafasi. Unahitaji diski ya pili yenye ukubwa usiopungua ile mgonjwa, na iwe imepangwa kwa mfumo wa faili wa ext4, NTFS au exFAT. Ile ya FAT32 haiwezi kubeba faili moja inayozidi GiB 4, na taswira yako itakwama humo mapema sana. Najua diski mpya si bei ya chini, lakini hapa hakuna njia ya mkato ninayoweza kukushauri kwa dhamiri safi.

Ikiwa diski inagonga, ule mlio wa tik, tik, tik wa kichwa kinachopiga, hata ddrescue usiiendeshe. Izime. Usiifungue sebuleni, vumbi la chumbani linatosha kuimaliza. Hiyo ni kazi ya mwenye chumba kisicho na vumbi na vipuri vya diski, hata kama ni kuvuka maji hadi Mokowe na kupanda basi.

TestDisk: nyumba zipo, vibao vimeng'oka

Diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR huhifadhi ramani ya patisheni zake katika sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti 512, na jedwali lenyewe ni baiti 64 tu. Baiti hizo 64 zikiharibika, kompyuta inaiona diski ya TB 1 kuwa tupu. Nyumba zote zipo mtaani na watu wake wamo ndani. Kilichong'oka ni vibao vya milangoni. TestDisk inapita diskini ikitafuta kila mahali ambapo mfumo wa faili unaanzia, kisha inakuandikia vibao upya.

Ajali inayoleta hali hii ni ya kawaida mno. Mtu anataka kutengeneza flashi ya Ubuntu, anaandika `dd if=ubuntu.iso of=/dev/sda` badala ya `/dev/sdb`, na sekunde chache baadaye anashtuka. Mwingine yuko kwenye usakinishaji, anataka Linux ikae pamoja na Windows, na anachagua kufuta diski nzima. Katika yote mawili, sehemu ya mwanzo ya diski imeandikwa juu na hiyo hairudi. Lakini patisheni iliyokuwa mbele zaidi, tuseme ile ya `/home` iliyoanzia GB 60, inaweza kuwa bado inaokoleka, hasa katika ajali ile ya `dd`.

Unapoiendesha, TestDisk inauliza diski ipi, aina gani ya jedwali (kwa kawaida inakisia sawa), kisha unachagua Analyse na Quick Search. Ikiorodhesha patisheni ilizozikuta, usiwe na haraka ya kubonyeza Write. Simama juu ya patisheni na ubonyeze herufi P. Ukiona majina ya folda zako, umeipata. Hapo hapo unaweza kuzichagua faili kwa alama ya nukta mbili na kuzinakili kwa C kubwa kwenda diski nyingine, bila kuandika chochote kwenye diski iliyoumia. Kwa asiyekuwa na uzoefu nashauri hivi daima: toa faili kwanza, kurekebisha jedwali kuje baadaye. Quick Search isipoona kitu, iko Deeper Search, ambayo inachukua muda mrefu lakini inapekua kwa undani zaidi.

Diski za GPT, mtindo mpya wa jedwali la patisheni, ambazo ndizo nyingi siku hizi, zina bahati zaidi: nakala ya pili ya jedwali hukaa mwisho wa diski. Kama ni mwanzo tu uliovurugika, `gdisk` ya Rod Smith inaweza kumaliza kazi kwa dakika moja. Unaingia kwa `r`, unachagua `b` ili itumie kichwa cha akiba, halafu `c` kupakia jedwali la akiba, na `p` kulitazama kabla ya kuandika kwa `w`. Kati ya gdisk na TestDisk, mimi hutazama kwanza kwa gdisk kwa sababu inarudisha jedwali lilivyokuwa hasa, haikisii. Ila kama kilichoandikwa juu ni ISO, ile taswira ya usakinishaji, yenye jedwali lake, gdisk inaweza kulishika hilo la ISO na kukuonyesha yasiyokuhusu. Hapo rudi kwa TestDisk.

TestDisk pia hufufua faili moja moja zilizofutwa, lakini kwenye FAT, exFAT, NTFS na ext2 tu. Hili watu hulichanganya sana. Memori kadi ya kamera ni FAT au exFAT, kwa hiyo inafaa. `/home` yako ya Ubuntu ni ext4, kwa hiyo haifai: kwa ext4 TestDisk inarudisha patisheni nzima na kunakili faili zilizomo, ila faili uliyoifuta kwa `rm` haitaiona.

PhotoRec: inaokoa mwili, inapoteza jina

PhotoRec haijali mfumo wa faili. Inasoma diski mfululizo ikitafuta alama za mwanzo wa faili, kama zile baiti FF D8 FF zinazofungua kila picha ya JPEG, na inakata kuanzia hapo. Inatambua viendelezi zaidi ya 480. Kwa sababu hiyo inafanya kazi hata pale ambapo kila kitu kingine kimeshindwa: kadi iliyofomatiwa, patisheni iliyovurugika, taswira yenye mashimo kutoka ddrescue.

Na gharama yake ni kubwa. Majina yote yanapotea, folda zote zinapotea. Unachopata ni `recup_dir.1`, `recup_dir.2` na kuendelea, na ndani yake maelfu ya faili zenye majina kama `f0284160.jpg`, pamoja na vijipicha vidogo vya kivinjari, alama za programu, na takataka ya miaka. Kwa picha za harusi moja unaweza kuvumilia. Lakini mfikirie mzee wa Mkomani aliyeketi kupiga picha kurasa za mswada wa utenzi aliourithi, ukurasa baada ya ukurasa, akizipa majina kwa mpangilio. Faili zikirudi bila majina, mpangilio wa beti umekufa, na msomaji asiyeujua utenzi ule hawezi kuurudisha.

Kwa picha zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera au simu kuna tiba, kwa sababu tarehe na saa viko ndani ya picha yenyewe. exiftool inaweza kuzipanga upya katika folda za mwaka, mwezi na siku:

`exiftool '-Directory<DateTimeOriginal' -d %Y/%m/%d -r recup_dir.*`

Hati zilizochapwa, PDF na lahajedwali hazina bahati hiyo. Utazifungua moja moja.

Video ni shida zaidi kuliko picha. Katika faili nyingi za MP4 na MOV, maelezo ya namna ya kuisoma video huandikwa mwisho, kurekodi kunapomalizika. Betri ikizima katikati ya ngoma, maelezo hayo hayakuandikwa, na PhotoRec itakupa faili kubwa isiyofunguka. Usiifute. Iko programu iitwayo untrunc inayoweza kuitengeneza kwa kuiga video nyingine nzima iliyorekodiwa na kamera ile ile kwa mipangilio ile ile. Tatizo jingine ni vipande: PhotoRec inategemea zaidi faili iliyokaa mfululizo, na video ndefu kwenye kadi iliyojaa na kufutwa mara nyingi huwa imetawanyika.

Sasa lile la sitara. Harusi zetu zina ukumbi wa wanawake, na kinachopigwa picha mle ndani ni amana. Mpiga picha, naye huwa mwanamke, ameshafuta zile ambazo bibi harusi au mama yake hakuzitaka. PhotoRec haijui amana. Inafukua kila kitu kilichowahi kukaa kwenye kadi ile, picha za harusi hii pamoja na za familia nyingine za miezi iliyopita, na kuzimwaga zote kwenye kompyuta ya fundi. TestDisk inakuonyesha folda, na unachukua ile uliyotumwa tu. Mama akikuletea kadi na kusema, "Mwanangu, nataka za Jumamosi tu, nyingine usizitazame," chombo kinachoweza kumtii ni TestDisk. Ikilazimika kuwa PhotoRec, basi iendeshwe mbele ya mwenye kadi, faili ziende kwenye diski yake mwenyewe, na achambue yeye. Kama ni ya ukumbi wa wanawake, na achambue mwanamke. Ningependa kila mpiga picha wa kike Lamu aijue kazi hii kwa mkono wake, asilazimike kumpa mtu kadi.

Basi kwa memori kadi iliyofutwa picha, nianzavyo mimi ni TestDisk, nitazame kama majina yako. Katika FAT, mfumo hubadilisha herufi ya kwanza ya jina na kuuondoa mnyororo wa vipande, kwa hiyo mara nyingine jina hurudi limekosa herufi hiyo, na faili iliyotawanyika hurudi imeharibika. Nikikosa huko, au kadi ikiwa imefomatiwa, ndipo PhotoRec.

Vikiwekwa bega kwa bega:

| | ddrescue | TestDisk | PhotoRec |
|---|---|---|---|
| Inafaa wakati | diski inasomeka kwa shida | patisheni imetoweka. Faili imefutwa kwenye FAT, exFAT au NTFS | kadi imefomatiwa. Njia nyingine zimeshindwa |
| Majina na folda | inanakili kila kitu kilivyo | hubaki | hupotea |
| Nafasi unayohitaji | ukubwa wa diski nzima | ya faili unazochagua | kubwa, maana inaleta vyote |
| Stima ikikatika | inaendelea kwa ramani yake | unarudia utafutaji | inaweza kuendelea na kikao kilichohifadhiwa |
| Sitara | unabeba yote bila kuyafungua | unachagua folda | inafukua hata vilivyofutwa kwa makusudi |

Faili iliyofutwa kwa rm kwenye ext4

Hapa sitaki kukupa matumaini ya bure. ext4 inapofuta faili, inafuta pia ndani ya inodi, kumbukumbu ya kila faili, maelezo ya mahali vipande vya faili vilipo. Nakala ya zamani ya maelezo hayo inaweza kuwa bado imo kwenye jonali, na extundelete na ext4magic huenda kuitafuta huko. Jonali lakini ni dogo na huandikwa juu yake mwenyewe kila wakati, kwa hiyo kinachoamua ni muda uliopita kati ya kufuta na kuzima mashine. extundelete toleo lake la mwisho, 0.2.4, ni la mwaka 2013, na hukwama kwenye ext4 nyingi zinazotengenezwa na mifumo ya sasa. Kati ya hizo mbili ningejaribu ext4magic, juu ya taswira, na iwapo imeshindwa niende PhotoRec nikiwa nimeshaagana na majina.

Foremost na Scalpel utaziona zikitajwa. Zinafanya kazi ya namna ile ile ya PhotoRec. Foremost iliandikwa na maafisa wa upelelezi wa Jeshi la Anga la Marekani, na Scalpel ikajengwa juu yake. Sioni sababu ya kuziweka mbele ya PhotoRec kwa mtu anayetafuta picha na hati zake. Kama umetumia Btrfs, mfumo mwingine wa faili, ambao Fedora imeufanya chaguo lake la kawaida tangu 2020, chombo chako ni `btrfs restore`, na kwa faili zilizofutwa kwenye NTFS iko pia `ntfsundelete`.

Ambapo vyote vitatu havisaidii

SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, inafuata sheria nyingine. Mfumo huiambia ni nafasi zipi haziko tena kazini, nayo huzisafisha. Kwenye Ubuntu agizo hilo, `fstrim`, hutoka lenyewe kila wiki. Likishapita, ukisoma nafasi ile kwa kawaida utaona sifuri tupu, na hapo TestDisk, PhotoRec na fundi wa Nairobi wote ni sawa. Kwa hiyo ukifuta faili kwenye laptopu ya SSD, kuzima mara moja kuna uzito zaidi kuliko uchaguzi wowote wa chombo. Memori kadi na flashi nyingi za USB hazipati agizo hilo, na ndiyo sababu huokoleka zaidi.

Diski iliyofungwa kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux, nayo: kichwa chake, yaani sehemu ya mwanzo yenye funguo, kikiandikwa juu na huna nakala, nywila sahihi haitakufaa kitu. Hata ukijua patisheni ilipoanzia, funguo zilikuwa ndani ya kichwa kile.

Mambo mawili haya yana kinga inayochukua dakika chache leo, wakati diski ni nzima:

`sudo sfdisk -d /dev/sda > jedwali-sda.txt`

`sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sda3 --header-backup-file kichwa-sda3.img`

Ya kwanza inatoa jedwali la patisheni kama maandishi mepesi, na siku likipotea unalirudisha kwa `sudo sfdisk /dev/sda < jedwali-sda.txt` bila kutafuta chochote. Badilisha `sda` na `sda3` kulingana na `lsblk` yako. Faili zote mbili zikae nje ya kompyuta hiyo, na ile ya LUKS itunzwe kama ufunguo, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Na tengeneza flashi ya uokoaji kabla ya siku ya ajali. SystemRescue ina TestDisk, PhotoRec, ddrescue na gdisk ndani yake tayari, inawaka kutoka kwenye flashi na haigusi diski yako mpaka uiambie. Ukingoja hadi kompyuta ianguke, utakuwa unaipakua kwa bando la simu, usiku, na mtu amesimama mlangoni anauliza picha za Maulidi ziko wapi. Ukishaiwasha, amri ya kwanza iwe hii:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Soma modeli na namba ya diski, linganisha na karatasi iliyobandikwa kwenye diski yenyewe, na uandike mahali ipi ni chanzo na ipi ni akiba. ddrescue hukataa kuandika juu ya diski bila `-f`, lakini ukiipa hiyo huku umegeuza chanzo na akiba, itaandika juu ya picha zako bila kukuuliza.

Faili zikisharudi, zifungue. Orodha ya majina haithibitishi kitu. Picha hurudi nusu ya chini ikiwa kijivu, na PDF hurudi bila kurasa. Mwenye faili afungue yeye, achague chache za mwanzo, za kati na za mwisho, na diski ya zamani pamoja na taswira yake vikae kando bila kuguswa mpaka aridhike.